Nthenya Mutiso, Aliyeuliza Akiwa Amegeuza Mgongo

Ndugu na jamaa, majirani wa Zombe, na nyinyi mliotoka Nunguni jogoo hajawika: leo Jumamosi, tarehe 21 Machi 1998, tuko hapa kwa Nzioka Mutiso kumrudisha Nthenya kwenye udongo. Maneno haya ni ya familia nzima, na anayeyasoma ni mdogo wake, Musembi Muli, mnayemjua kwa biashara ya mbuzi na nafaka. Marehemu hakupenda kitu kilichopakwa rangi ili kiuzike. Kwa hivyo atasemwa alivyokuwa, na alivyokuwa kunatosha.

Nthenya alizaliwa Nunguni, juu kwenye vilima vya Makueni, mtoto wa pili wa Muli na Mbinya. Tarehe iliyo kwenye vyeti vyake ni 7 Aprili 1941, lakini hiyo alipewa na mwalimu siku ya kuandikishwa shule. Mama yake alichojua ni kwamba ilikuwa majira ya mvua, na kwamba mtoto alikuja mchana jua likiwa utosini, ndiyo maana akaitwa jina hilo. Tangu mdogo alikuwa na namna yake ya kununua. Mama akimtuma sokoni kuleta maharagwe, hakuyatazama maharagwe. Alisimama mbele ya muuzaji akaulizia habari ya ndizi, akaulizia mvua ya upande ule, akaulizia yule ng'ombe aliyekuwa akichechemea, na kabla hajaondoka mwenye maharagwe ameshasema mwenyewe kwamba yameingia wadudu na anataka kuyamaliza leo. Mama Mbinya alikuwa akisema, "Huyu ukimtuma akaulize njia, atarudi na siri za kijiji." Musembi alijifunza biashara yake hapo, akimfuata dada yake nyuma na kikapu.

Alisoma shule ya msingi ya misheni pale Nunguni kuanzia mwaka wa 1950. Baba yake alitaka atoke darasa la nne aolewe. Nthenya hakulia wala hakugombana. Alimwambia baba yake kwamba mwalimu amesema msichana anayejua kusoma risiti haibiwi na mwenye duka. Muli, ambaye alikuwa ameibiwa na mwenye duka mwezi uleule, akafikiria usiku mmoja, akamwacha aendelee. Mwaka wa 1961 aliingia mafunzo ya uuguzi Nairobi, akahitimu Novemba 1964. Alipangiwa kazi Kitui mjini, na mwaka wa 1972 akahamishiwa kituo cha wagonjwa wa kifua kikuu kilichokuwa kimefunguliwa hapa Zombe.

Alifunga ndoa na Nzioka Mutiso, mwalimu, tarehe 17 Desemba 1966, katika kanisa la hapa Zombe. Musembi ndiye aliyekaa upande wa akina Muli siku ya mazungumzo ya mahari, akiwa kijana tu, na upande wa pili alikaa baba ya Nzioka, Mzee Mutiso. Wazee waliokuwapo bado wanakumbuka. Mzee Mutiso hakukubali kitu hata kimoja mara ya kwanza. Ukisema mbuzi huyu ni mnene, yeye anauliza kama amekunywa maji njiani. Jua lilizama wakiwa bado wanabishana juu ya beberu mmoja mwenye pembe iliyovunjika. Musembi alirudi Nunguni akasema, "Dada ameolewa kwa watu. Hao wanajua thamani ya kitu." Lishikeni hilo la Mzee Mutiso na bei, kwa maana ndilo linalobeba kazi yote ya marehemu.

Sasa kazi hiyo.

Miaka ile dawa ya kifua kikuu ilikuwa safari ndefu. Sindano kila asubuhi kwanza, halafu vidonge mwaka mzima na zaidi. Wagonjwa wengi walianza vizuri, kisha wakaacha. Kituoni waliitwa watoro. Mtoro akikosa mara tatu jina lake lilifutwa, kwa sababu dawa zilikuwa chache na kulikuwa na mwingine nje anayezingoja. Wauguzi walisema ni ukaidi. Watu wa kijiji walisema wamerogwa. Nthenya alisema, "Mimi nimewaona wakaidi. Mkaidi anakubishia. Hawa hawabishi na mtu." Aliamini kwamba wengi wao walikuwa na ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza: ugonjwa wa huzuni. Si ile huzuni ya msiba ambayo majirani wakija inapungua. Ni ile inayokaa ndani ya mtu kama moshi ndani ya nyumba isiyo na dirisha, mpaka mtu haoni haja ya kufungua hata mlango.

Mwaka wa 1978 alikuja Daktari Yakub Abdallah, wa magonjwa ya akili, akitokea Nairobi. Huyu hakuwa mgeni. Ni mtoto wa Kitui mjini, wa ile familia ya Waislamu wenye duka la vitambaa, na Kikamba anakiongea kuliko baadhi yetu tulioketi hapa. Alileta hojaji, yaani maswali ya kumpimia mtu huzuni, yaliyotungwa ng'ambo kwa watu wa ng'ambo. Nthenya akayatafsiri neno kwa neno, akavaa koti lake jeupe, akaketi uso kwa uso na wagonjwa, akaanza.

"Je, wiki mbili hizi umejisikia mchovu?"

"Sista, mimi nakohoa damu. Ulitaka nicheze ngoma?"

"Je, unakosa usingizi?"

"Na hiki kifua nitalalaje?"

"Je, umepoteza hamu ya chakula?"

"Hizo ni dawa zenu. Zinafanya ugali unakuwa na ladha ya msumari."

"Je, una huzuni?"

"Hapana kabisa. Niko sawa. Asante."

Alipofika swali la kama mgonjwa amewahi kutamani kufa, mama mmoja aliinuka akajifunga leso yake upya. "Sista, nimekukosea nini? Mbona unaniapiza?" Akaenda zake, na siku hiyo hakuchomwa sindano.

Jioni Daktari Yakub alijumlisha majibu. Akamtazama Nthenya, akasema, "Kwa hesabu yetu, watu wa Zombe wote wanaumwa mwili na wote wana furaha moyoni. Hata arusini sijaona watu wana furaha hivi."

"Usicheke, Daktari. Nimeuliza vibaya."

"Tumeuliza vibaya wote. Haya maswali ya mwili tuyatoe. Hapo anayejibu ni kifua. Lakini yakitoka, yanabaki ya moyo, na ya moyo wanatudanganya."

"Hawadanganyi. Wewe mtu akikusimamia mbele na kalamu, amevaa koti la serikali, akuulize una huzuni, utamwambia nini? Ni kama kuvuliwa nguo."

Ofisi iliyokuwa ikilipia kazi hiyo ikasema wazi: mwaka ukiisha kabla hojaji haijaweza kumtenga mwenye huzuni na anayekohoa tu, kazi inafungwa. Na kazi ikifungwa, watoro wataendelea kufutwa.

Wakati huohuo Mzee Mutiso alikuwa kwenye orodha ya watoro hao. Alikuwa ameugua kifua tangu mwanzo wa 1979, akachomwa sindano zake zote, akapewa vidonge, kisha siku moja hakwenda. Akakosa mara ya pili. Nzioka alimsihi baba yake mpaka akachoka. Jibu lilikuwa lilelile: "Nimesikia." Mkuu wa kituo alimwambia Nthenya kwamba mtu wa nyumbani kwa sista hawezi kupendelewa, akikosa tena, anafutwa kama wengine. Nthenya akakubali kwamba hiyo ni haki. Lakini mtu mmoja ambaye angejua kumuuliza mzee ni yeye, na ndiye mtu mmoja ambaye hangeweza. Wazee wetu hapa hawahitaji kuelezwa, lakini kwa vijana na wageni: mke wa mtoto na baba mkwe wana heshima yao, tunaiita nthoni. Mzee Mutiso aliishika kama sheria ya mahakama. Miaka kumi na zaidi Nthenya alikuwa mke wa boma hili na hawajawahi kuketi wakitazamana. Akipita njia hii, yeye anapita ile. Sasa amwendee na kalamu amwulize habari za moyo wake?

Siku moja, mnamo Septemba, Nthenya alikuwa ameketi kando ya ghala akiambua mbaazi. Mzee alikuwa upande wa pili wa ghala, kwenye kigoda chake. Beberu wa mzee akaja akatia mdomo kwenye ungo. Nthenya alimpiga kofi la pua, kisha, bila kugeuka, akaanza kusema naye.

"Wewe beberu, wewe. Zamani mwenyewe alikuwa anakupeleka soko ya Zombe kila wiki. Watu wanakutajia bei siku nzima, halafu anakurudisha nyumbani akicheka. Siku hizi mbona hakupeleki?"

Beberu akatafuna. Nthenya akaendelea na mbaazi zake. Alishadhani mzee ameondoka alipomsikia akikohoa, halafu akajibu. Alimjibu beberu.

"Mwambie huyo anayeambua mbaazi, leo mtu akija akitaja bei yoyote, nitampa kamba aende na wewe."

Nthenya alisema baadaye kwamba aliacha kuambua. Mzee Mutiso, kukubali bei ya kwanza!

"Beberu, muulize, mvua ikija anataka kupanda upande gani wa shamba?"

"Mwambie shamba ni la wanaopanda."

"Na wazee wenzake wakipita pale njiani, anawaita?"

"Mwambie wanapita. Wana kwao."

"Muulize basi, hivi vidonge vya kituoni vimemkosea nini?"

"Havijakosa. Ni vizuri. Wampe mtu mwenye haja navyo."

Nthenya alimaliza ungo wake, akaingia ndani, akalia kidogo. Kisha akanawa uso, akapanda baiskeli ya mumewe mpaka kituoni kumtafuta Daktari Yakub, ambaye alikuwa anafunga masanduku arudi Nairobi.

Daktari alikuja kesho yake. Aliketi na mzee bega kwa bega, wote wakitazama zizi, na wakaongea mpaka chai ikapoa. Mzee alianzishiwa dawa ya huzuni, na mwalimu mstaafu wa kanisani akapewa kazi ya kumtembelea, si kumhubiria, ni kumletea ubishi. Kazi ilikuwa ngumu na haikwenda haraka. Wiki za kwanza mzee alimwacha mwenziwe aseme peke yake. Lakini aliurudia mlango wa kituo kabla jina halijafutwa, na mwaka wa 1981 alimaliza vidonge vyake akiwa amepona. Siku ambayo Nthenya alijua huzuni imeshuka haikuwa ya kliniki. Alikuwa sokoni kununua mboga ya sukuma, akasikia upande wa mifugo mtu anapiga kelele, "Hii bei ni ya mbuzi ama ni ya ngozi? Wewe umenitazama ukaona mimi ni mjinga?" Akaiweka sukuma chini, akacheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Mzee Mutiso aliishi hadi 1989, na beberu yule hakumuuza.

Kutokea hapo Nthenya na Daktari Yakub waliandika hojaji yao wenyewe. Maswali ya uchovu, usingizi na chakula walipunguza mpaka yakabaki machache sana. Muulizaji alivua koti. Aliketi ubavuni mwa mgonjwa au akageuza mgongo akishika kazi nyingine mkononi. Na hakuuliza habari za mtu, aliuliza habari za kitu ambacho mtu huyo anatunza. Bado unabishia bei? Ukisikia mlango wa zizi umefunguka, unainuka? Shamba la mwaka ujao umelifikiria? Majibu yalipewa alama, na daktari wa pili, ambaye hakuonyeshwa alama hizo, alizungumza na wagonjwa walewale na kusema ni nani kwa maoni yake ana ugonjwa wa huzuni. Wakalinganisha. Pale Zombe walikubaliana karibu kwa kila mgonjwa, ofisi ikaongeza muda, na Daktari Yakub akaagiza soda za kituo kizima.

Soda zilinywewa mapema mno. Mwaka wa 1982 waliipeleka hojaji Mtito Andei, kwenye zahanati ya barabarani, mahali pa madereva wa malori na wapishi wa hoteli. Mgonjwa wa kwanza alikuwa dereva, Hemedi, mtu wa pwani, aliyekuwa amelala pale wiki nzima. Nthenya akageuza mgongo, akashika sindano zake akizipanga, akauliza kwa upole habari za mbuzi.

"Mbuzi?" akasema Hemedi. "Mama, mimi sina mbuzi. Nimeshawahi kumgonga mmoja hapo Kibwezi."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Nthenya naye akacheka, lakini usiku huo hakuwa na raha, kwa sababu ofisi ilikuwa inangoja majibu ya Mtito Andei. Asubuhi alirudi kitandani kwa Hemedi, akageuza mgongo tena.

"Lori yako iko wapi?"

"Iko pale nje. Mwenye mali ameweka dereva mwingine."

"Umesikia akiiwasha leo?"

"Nimesikia."

"Inalia vizuri?"

"Gia inaumia," akasema. "Zamani ningetoka na shuka nikamtukana. Sasa naona, acha iumie."

Nthenya akageuka, akamwambia muuguzi aliyekuwa naye, "Huyu tumempata." Kuanzia siku hiyo swali la kwanza la hojaji likawa si swali. Likawa amri kwa muulizaji: jua kwanza mtu huyu anatunza nini. Wa Zombe ni mbuzi, wa Mtito Andei ni lori au jiko, wa Nunguni ni kahawa na migomba, mama wa mjini Kitui ni cherehani. Hojaji yao ikawa na nafasi tupu mahali pa kitu, na muulizaji anaijaza mwenyewe kabla hajafungua mdomo.

Ilipoisha kupimwa mwaka wa 1984, vituo kadhaa vya kifua vya Kitui na upande wa Makueni viliichukua, na baadaye kliniki za sukari na za saratani zikaiomba. Lakini kile Nthenya alichojivunia ni kimoja, na alikipigania mezani kama vile Musembi anavyopigania gunia: sheria ya kituo ilibadilishwa. Hakuna jina la mtoro lililofutwa tena kabla hajaulizwa maswali hayo na kuulizwa vizuri. Mkuu wa kituo alitaka iwe "ikiwezekana." Nthenya alikataa neno hilo. Mkuu akasema basi iwe "inapofaa." Akalikataa pia. Sheria ilitoka bila neno la kuilegeza. Kuna watu waliokaa hapa leo, wenye nywele nyeupe, ambao majina yao yalikuwa yafutwe. Hatutawaomba wasimame. Wanajijua.

Alistaafu Juni 1994. Septemba 1996 aligunduliwa kuwa na saratani ya titi, akapasuliwa Nairobi, akaanza kutibiwa kwa mionzi. Baada ya Krismasi alirudi nyumbani akasema harudi tena huko. Binti yake Kasyoka, ambaye ni muuguzi kama mama, alimketisha akamuuliza, uso kwa uso, kama ana huzuni.

"Niko sawa kabisa," akasema Nthenya. Yeye, kati ya watu wote.

Mnamo Februari 1997 Musembi alikuja kumwona. Hakuja kama daktari, alikuja kama mnunuzi. Alikuwa amemtamani ng'ombe wa gredi wa dada yake, yule wa maziwa mengi, miaka mitatu. Akataja bei ya kutupa, ile ambayo mtu anaanzia ili atukanwe, kisha mazungumzo yaanze.

"Mchukue tu," akasema Nthenya.

Musembi hakumchukua. Alikigeuza kiti chake kikatazama zizi, akampa dada yake mgongo, akamwambia ng'ombe, "Wewe ng'ombe, huyu mwenyewe ana nini? Nimetaja bei ya kuku na hajanitukana."

"Mwambie mtoto wa mama yangu," Nthenya akamjibu ng'ombe, "asijifanye mjanja. Hayo maswali nimeyatunga mimi."

"Ng'ombe, mwambie najua aliyeyatunga. Muulize atajibu ama hatajibu."

"Mwambie Nairobi ni mbali. Na sioni ninayemrudia."

Ndivyo alivyosema, na ndivyo alivyotaka isemwe hapa, ili asiwepo mtu wa kufikiria kwamba huzuni huwaacha wanaoijua. Kasyoka alimpigia simu Daktari Yakub, naye akaja mwenyewe, mzee sasa, na wakaketi bega kwa bega. Nthenya alikubali dawa. Aprili alirudi Nairobi kumaliza mionzi yake. Saratani haikuondoka, lakini ilimwacha karibu mwaka mmoja zaidi, na mwaka huo haukuwa wa kungoja. Alipanda mbaazi. Aliwafundisha wauguzi watatu wapya namna ya kugeuza mgongo. Mwezi uliopita Musembi alijaribu tena kumnunua ng'ombe. Nthenya, akiwa kitandani, alimpandishia bei mara tatu, akamwambia mizani yake ina ugonjwa, kisha akakataa kuuza. Ng'ombe huyo ndiye mnayemsikia akilia hapo nyuma.

Alifariki dunia nyumbani hapa Zombe, Alhamisi tarehe 12 Machi 1998, mchana, saa ileile ya jina lake. Mumewe alikuwa ameshika mkono wake.

Ameacha mume, Nzioka Mutiso, binti, Kasyoka, na wana wawili, Ndululu na Nzuki, wajukuu watano, mdogo wake Musembi na jamaa yote ya Muli huko Nunguni, rafiki wa kazi yake, Daktari Yakub, na wagonjwa wake, ambao idadi yao alikataa kuihesabu.

Lala salama, mwana wa mama. Udongo huu ni wako na hakuna atakayekupunguzia bei. Tukiwa na la kukuuliza, tutakuja hapa na kugeuza mgongo.